Lori la Mbao Nililokabidhiwa Miono

Bao la kale usilitazame kwanza. Lishike. Pitisha kidole gumba ndani ya mashimo ya safu ya mbele, upande mmoja, kisha upande wa pili. Bao lililochezwa miaka mingi mashimo yake huteleza kama ndani ya kifuu kilichosuguliwa, na kingo zake zimelika kidogo upande ule ambao mikono ilipita ikisomba kete. Bao lililozeeshwa kwa moshi wa jikoni huwa jeusi kote, lakini ukitia kidole shimoni unakwaruzika, kwa sababu moshi haujui kucheza bao. Halafu linuse. La kale linanuka mafuta ya nazi na mikono ya watu. La juzi linanuka moshi na uongo.

Nimeanza na bao kwa kuwa ndilo mlilonijia nalo, vijana wangu. Mlikuja watatu barazani kwangu, mmelifunga kwa kanga kama mtoto mchanga, mkaniuliza kama mmeuziwa kitu cha kweli. Mlikuwa mmeuziwa moshi. Mkacheka, nami nikacheka, kisha yule mrefu wenu akasema, "Babu, haya mambo yaandike. Yakikaa kichwani mwako hayatufikii." Nikasema inshallah. Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu, yale mnayotaka kuyajua yanakuja mikono mitupu, na lile nisilotaka kulisema linakuja mbele yao. Basi nitayaandika yote, na lile nitaliandika pia.

Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa kununua vitu vikuukuu na kuviuza. Nilikuwa na chumba kimoja hapa Bagamoyo, chenye mlango mzito uliohitaji bega kuufungua. Ndani mlikuwa na mabao, dhumna za mfupa, gololi za kioo, redio za mbao, santuri, wanasesere wa vitambaa, magari ya makopo, na zile pia za kuzungusha kwa kamba, za mti wa mkwaju. Wateja walikuwa wageni wapitao, na baadaye watu wa Dar es Salaam waliojenga nyumba mpya wakataka zionekane kama zina babu.

Sitawadanganya kwamba haikuwa na raha. Siku moja Kaole nilikutana na mzee aliyekuwa na pia aliyoichonga akiwa mtoto. Tukakubaliana bei. Akasema, "Ngoja niichezee mara moja ya mwisho nikuage nayo." Akaizungushia kamba, akairusha sakafuni, ikasimama, ikaanza kuvuma kama nyuki. Mkewe akauliza kutoka ndani, "Unafanya nini huko, mzee mzima?" Akajibu, "Nafanya biashara." Ile pia ilipolala, akaiokota, akaitia mfukoni, akaniambia, "Samahani, bwana. Haiuzwi." Nikapanda baiskeli nikarudi mjini bila kitu, nikitabasamu njia nzima. Anayekusanya vitu vya kale asiyejua kufurahia kitu alichokikosa, huyo afungue duka la saruji.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shomari, fundi saa. Alikuwa na jicho moja zuri na jingine la kuazima, yaani ile lenzi yake, na maneno yake yalikuwa machache na makali. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua gari la bati, la kiwandani, lenye rangi nyekundu iliyofifia na kutu kidogo pembeni. Nikafurahi, nikalipeleka nyumbani, nikalisugua kwa majivu na limau mpaka likang'aa kama sufuria ya harusi. Rangi yote ikatoka. Nikampelekea Mzee Shomari alione. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Umeliosha vizuri," akasema.

"Ahsante, mzee."

"Umeliosha kama maiti. Sasa kalizike."

Tangu hapo sikuosha tena kitu siku niliyokinunua. Nanyi fanyeni hivyo. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha kiacheni kitu kikae siku saba mbele ya macho yenu. Mara nyingi kile unachokiona uchafu ndicho umri wenyewe.

Alinifundisha pia kusubiri. Makurunge palikuwa na mama mwenye gramafoni ya mkono iliyokuwa ya baba yake. Nilipofika nikaikuta chini ya dari ya banda, kifuniko wazi, na kuku ameatamia ndani, amejaa kama amekodi.

"Nitaichukua, mama," nikasema.

"Utachukua na kuku?"

"Kuku tutamhamisha."

"Umhamishe wewe kwanza mkeo akiwa amelala uzazi, nione."

Nikarudi baada ya wiki tatu. Vifaranga walikuwa tisa, na mashine ilikuwa nzima chini ya nyasi na mavi. Mama yule akanipa na kifaranga mmoja kwa kunipongeza kwa adabu yangu. Naukumbuka uso wake hadi leo kwa sababu hiyo, kwamba palikuwa na nyumba niliyoingia na kutoka nikiwa na adabu.

Siku hizi kazi imebadilika. Sisi tulikwenda kwa baiskeli na kwa mabasi ya bara, tukilala misikitini, tukisikia habari ya kitu kutoka kwa watu watatu kabla ya kukiona. Ninyi mnapiga picha, mnaituma, na kitu kinaondoka kabla mwenyewe hajamaliza kukueleza kilivyomfikia. Sisemi ni vibaya. Nasema mkipiga picha, mpigeni na mwenye kitu akiwa amekishika, na muandike jina la aliyekitengeneza. Mimi nimeuza mamia ya vitu, na majina ninayoyakumbuka hayazidi vidole vyangu. Jina moja kati ya hayo ni la Fundi Kibwana wa Miono, na hapo ndipo palipo na lile nililokuwa nalikwepa.

Lazima niwaeleze kwanza njia yangu ya kazi, kwa maana aibu haikuanza Miono. Marehemu baba yangu alikuwa na madrasa hapa mjini, nami nilikuwa nikimsaidia kusomesha siku za mapumziko. Kwa hiyo watu waliniita Maalim, na mtu anayeitwa Maalim hukaribishwa mpaka chumba cha ndani. Nikisikia msiba, nilikwenda. Arobaini ya marehemu, watu wanaposoma hitma, nilikuwepo, kofia yangu safi, sauti yangu nzuri. Miaka ya mwanzo nilikwenda kwa ajili ya Mungu. Sijui ni lini nilianza kwenda kwa ajili ya makabati. Najua tu kwamba ilifika siku midomo yangu inasoma na macho yangu yako juu ya kabati la marehemu, yanatafuta.

Maana hakuna pahali pazuri pa kupata kitu cha kale kuliko nyumba ya msiba. Vitu vimetolewa vyumbani ili watu wapate pa kukaa. Waliofiwa hawana nguvu ya kubishana. Na hakuna anayemshuku msomaji wa hitma. Mzee Shomari aliwahi kuniambia, bila kuinua kichwa kwenye saa yake, "Watu huenda kuwapa pole wafiwa. Wewe unakwenda kuzipa pole samani." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Fundi Kibwana alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda, na jeneza la msikiti wao ambalo siku moja alibebwa nalo mwenyewe. Alifariki akiwa bado na nguvu, akaacha mjane, Bi Zuhura, na watoto wanne, mkubwa wao, Kassim, hajafika miaka kumi na mitano, na mdogo, Mwajuma, ana saba. Nilikuwa nimewahi kununua kwake mabao mawili, basi arobaini yake nilikwenda. Tulisoma, tukala, watu wakaanza kutawanyika. Nikaomba nimpe pole mjane. Bi Zuhura alikuwa kwenye eda, haonekani kwa wanaume wa nje, kwa hiyo nilikaa ukumbini na yeye akakaa nyuma ya pazia. Pazia lile lilikuwa fupi upande mmoja, na kwenye ule upenyo niliona kabati, na juu ya kabati niliona lori.

Lilikuwa refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mbao za mninga, bati la kopo la samli, milango inayofunguka kwa bawaba ndogo, usukani unaogeuza magurudumu ya mbele kweli. Nyuma alining'inia utingo wa mbao, mkono mmoja ameshika chuma, mwingine ameuinua kama anayemwita abiria. Mbele, juu ya kioo, palikuwa na maandishi ya brashi: Riziki kwa Mola. Katika miaka yangu yote sikuwa nimeona kitu cha kuchezea kilichotengenezwa vile. Na palikuwa na mgeni mmoja kutoka ng'ambo, aliyekuja kila mwaka, ambaye alikuwa ameniomba vitu vya namna hiyo hasa.

"Bi Zuhura, pole sana. Mungu akupe subira."

"Tumeshapoa, Maalim. Umetoka mbali, Mungu akulipe." Akaongeza, "Marehemu alisoma kwa baba yako, unajua? Alikuwa akisema alichapwa sana."

"Tulichapwa wote. Mimi mtoto wa mwenye fimbo ndiye niliyechapwa zaidi."

Nikasikia amecheka nyuma ya pazia, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kwamba anaweza kucheka. Nami nikakitumia kicheko kile kama mtu anavyotumia mlango ulioachwa wazi.

"Naona lori pale juu. Kazi ya mikono yake?"

"Alilitengeneza kabla hajanioa. Wenzake wakija kuposa huja na kanga, yeye alikuja na lori. Baba yangu akamuuliza, 'Sasa binti yangu atalipanda?'"

"Ni zuri kwa watoto," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu. Nilikuwa nimeyatumia katika nyumba nyingine kabla ya hiyo. Sikusema nanunua. Sikusema nauza. Nilisema tu ni zuri kwa watoto, nikakaa kimya, maana nilijifunza kwamba ukimya wa mtu anayeitwa Maalim una uzito wa mkono unaosukuma.

"Basi lichukue," akasema Bi Zuhura. "Lipeleke madrasani kwenu, watoto walichezee. Hapa wanangu walikatazwa kuligusa, na aliyewakataza ameondoka. Liwe sadaka yake. Kila mtoto atakayefurahi nalo, naye huko aliko afurahi."

Nikasema, "Inshallah."

Vijana wangu, neno hilo ni la kumtegemea Mungu. Mimi siku ile nilijifichia ndani yake. Nilijua anachokidhani, nikamwacha akidhani. Na nilijua zaidi ya hapo. Mirathi ya Fundi Kibwana ilikuwa haijagawanywa. Lori lile halikuwa la mjane peke yake. Ndani yake palikuwa na haki ya watoto wanne ambao hawajabaleghe, na fungu la mtoto hakuna wa kulitoa sadaka, hata mama yake. Somo hilo nilikuwa nikilifundisha mwenyewe. Aya ya mali ya yatima niliihifadhi kabla sijaota ndevu. Mtu asiyejua angekosea. Mimi sikukosea, nilifanya kwa kujua.

Mtoto mdogo, Mwajuma, ndiye aliyetumwa kulishusha. Alipanda kwenye kiti, akalikumbatia, akanipa. Nikalifunga kwenye shuka, nikapanda basi.

Halikufika madrasani hata siku moja. Lilikaa chumbani kwangu wiki mbili, mgeni akaja, akalitazama akiwa amepiga magoti, akalichukua. Katika fedha ile nikanunua majamvi mawili mapya ya madrasa, nikajiambia kwamba sadaka imefika, imebadilika sura tu. Mtu mwenye elimu kidogo ya dini akitaka kujidanganya hahitaji msaada wa shetani.

Miezi minne na siku kumi za eda zilipokwisha, Bi Zuhura alikuja Bagamoyo. Nilikuwa nasomesha, nikainua macho nikamwona mwanamke mlangoni amevaa baibui, ameshika mkono wa Mwajuma. Nikamjua kwa sauti.

"Asalaam alaykum, Maalim. Usikatishe somo. Nimekuja tu kuwaangalia watoto wakati wa kucheza."

Akakaa ukumbini kwenye jamvi jipya. Nikaendelea kusomesha nisisikie ninachosomesha. Watoto walipotoka uani, wakaanza kukimbizana na gurudumu la baiskeli bovu na gololi zao. Akawatazama kwa muda. Akatazama pembeni, akatazama nyuma ya mlango.

"Lori halitoki leo?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Mungu mwenye rehema alinipa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Bi Zuhura, limevunjika. Unawajua watoto. Waligombania kuliendesha, likaenda vipande."

Nilitegemea atahuzunika. Badala yake uso wake ulifunguka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe walilichezea hasa." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Pale juu ya kabati lingekaa zima mpaka kiama, bila faida. Limevunjika, basi limefanya kazi yake. Walicheka sana?"

"Walicheka sana," nikasema.

"Vipande vipo? Kassim ameanza kushika patasi ya baba yake. Angeliunga."

"Tulivitupa."

"Si neno." Akamwita Mwajuma, aliyekuwa ametoka kwenda uani, akaniaga kwa dua ndefu, akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja.

Nilidhani yameishia hapo. Baada ya kama mwaka, kondakta wa basi la bara akaniletea mzigo. Ndani mlikuwa na lori la mbao, la ovyo kidogo, milango haifungi, na karatasi imeandikwa: "Shikamoo Maalim. Mama amesema la kwanza lilivunjika kwa furaha, basi nimetengeneza lingine. Mimi Kassim." Hilo niliwapa watoto siku ileile. Lilidumu siku tisa. Baadaye likaja la pili, zuri zaidi. Kisha la tatu, lenye usukani unaogeuka. Kila moja lilikuja na salamu za mama yake na shukrani kwangu. Ninyi hamjui ilivyo kushukuriwa kwa kitu ulichokiiba. Nilikuwa naona kondakta anashuka na mzigo, nami naingia ndani kama mdaiwa.

Nilijaribu kulirudisha lile la Fundi Kibwana. Nilimwandikia yule mgeni nikamwomba aniuzie tena. Akanijibu kwa upole kwamba lori liko katika kabati la kioo, na hata wajukuu zake hawaruhusiwi kuligusa. Aliandika hivyo akidhani ananifurahisha.

Miaka ikapita, zaidi ya ishirini. Nikafunga chumba. Wanangu wakachangishana wanipeleke Hija. Mnajua desturi: anayekwenda Hija huzunguka kwa watu, huaga, huomba radhi. Nikazunguka Bagamoyo nzima nikiomba radhi kwa watu niliowakosea maneno, wote wakiniambia, "Wewe, Maalim? Wewe umkosee nani?" Nilipowamaliza wote hao, nikapanda basi la Miono.

Bi Zuhura alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini sauti ile ile. Nilikataa chai, nikamweleza yote bila kupunguza. Mgeni, fedha, majamvi, uongo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Maalim, wewe ndiye uliyesoma. Niambie. Yule marehemu amepata au hakupata?"

Hakuuliza habari ya lori. Hakuuliza habari yangu. Aliogopa kwamba kwa miaka yote hiyo mumewe alikuwa amekaa akisubiri kitu kisichomfikia.

"Amepata," nikasema. "Wewe ulitoa kwa nia safi, na Mungu hamwadhibu mtoaji kwa wizi wa mchukuzi. Sadaka yako na yake ilifika siku ile ile. Aliyebaki njiani ni mimi."

Akashusha pumzi. "Kama ni hivyo, fungu langu nimekusamehe. Mungu naye akusamehe. Lakini la watoto si langu kulisamehe. Wewe ndiye uliyefundisha hivyo, au sivyo? Wapo wanne. Wafuate mmoja mmoja."

Mwanamke asiyejua kusoma akanisomesha somo langu, nami nikaitikia kama mwanafunzi.

Kassim nilimkuta karakanani kwake, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alinisikiliza huku akipiga randa. Mwishoni akasema, "Maalim, kama lingekuwepo lile la baba nisingethubutu kutengeneza langu. Nimesamehe. Ila ungetwambia mapema, ningekutengenezea na la kuuza." Wa pili na wa tatu walisamehe pia, mmoja kwa maneno, mwingine kwa kunishika mkono na kuuachia. Akabaki Mwajuma.

Mwajuma ni fundi cherehani. Anaishi hapa hapa Bagamoyo, ameolewa, ana watoto. Nilimkuta barazani kwake, mguu uko kwenye cherehani, anashona sare za shule. Mtoto wake akaniletea kigoda, akaniletea chai. Nikaanza maneno yangu. Cherehani haikusimama.

"Najua," akasema.

"Mama yako amekwambia?"

"Sikuambiwa. Siku ile tulipokuja madrasani, ulipomwambia mama limevunjika, mimi nilikuwa nimetoka kwenda uani. Nilikwenda kwenye jalala lenu nyuma ya ukuta. Nilitaka walau yule utingo, nimfiche, nikalale naye. Nikafukua. Palikuwa na maganda ya machungwa na ukuti wa fagio. Hapakuwa na hata gurudumu." Akageuza kitambaa, akaendelea kushona. "Nikawauliza na watoto wako wa madrasa. Wakaniambia, lori gani?"

Nikakitua kikombe chini.

"Nilikuwa na miaka saba, Maalim. Nilirudi ndani nikamkuta mama anacheka. Tangu baba azikwe sikuwa nimemwona anacheka. Ningemwambia nini? Nikanyamaza. Nikanyamaza Kassim alipokesha kutengeneza lake la kwanza. Nimenyamaza mpaka leo, kwa ajili yake." Sasa akasimamisha cherehani kwa kiganja. "Na wewe umekwenda kumwambia."

"Nilikwenda kuomba radhi."

"Ulikwenda kutua mzigo wako. Umeutua kichwani kwake. Ungeanza na mimi, ningekwambia mama tumwache na furaha yake. Hukuuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwa akiubeba mzigo huo."

Vijana wangu, nilikuwa nimekwenda pale nikijiona nimekwisha kuwa mtu mwema, nimebakiza saini moja tu. Kumbe hata toba yangu niliingia nayo katika nyumba ya watu kama nilivyokuwa nikiingia zamani, nikitazama ninachokitaka mimi, nisiulize ni cha nani.

Nikamwambia, "Sikulijua hilo, mwanangu. Nisamehe na hilo pia."

"Sijakusamehe," akasema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja kipimo cha nguo. "Siku nikiweza nitakwambia. Kunywa chai, inapoa. Hujasamehewa, lakini hujafukuzwa."

Nikainywa. Kisha nikaenda Hija, nikarudi, na sasa mnaniita Alhaji. Mwajuma hukutana nami njiani, huniamkia shikamoo, naitikia marahaba, tunaulizana habari za nyumbani, tunapishana. Hajasema. Nami sijamuuliza tena, kwa maana radhi ya mtu si kitu cha kukipigia hodi kila asubuhi. Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuisubiri.

Basi chukueni haya ya bao na ya kutoosha vitu, yatawafaa. Ila jambo moja nawaomba, na ndilo lililonifanya nimalize kuandika. Siku nitakapokuwa nimelala ndani ya sanda, mmoja wa jamaa zangu atasimama barazani mbele ya wanaume, kama ilivyo desturi, aulize nani anamdai marehemu. Wote mtasema hadaiwi, kwa kuwa mnanipenda. Msiishie barazani. Mtu mmoja aende uani waliko wanawake, amtafute Mwajuma wa marehemu Kibwana, amuulize yeye. Na akinyamaza, msimbembeleze. Nichukueni hivyo hivyo.